Daftari la ngazi: safari ya vyuo, Makambako hadi Iringa na Mbeya

Jumapili, Makambako

Jengo la chuo kikuu nililolitazama kuliko yote, nimelitazama likiwa mfukoni mwangu. Kwenye ile noti ya shilingi 500, upande wa pili wa picha ya Mzee Karume, kulikuwa na Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na paa lake la zege lililopinda kama tandiko la farasi. Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Paa lile nimelikagua kwenye mabanda ya chips, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki, nikijiuliza mbao za kushikilia zege zilifungwaje wakati wa kumwaga. Mwaka 2014 sarafu ikachukua nafasi ya noti, na mimi nikabaki bila jibu. Ndani ya Nkrumah sijaingia hadi leo.

Naliandika hili kwa sababu ya mpwa wangu, binti wa dada. Kamaliza kidato cha sita mwezi Mei, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), matokeo yametoka na ni mazuri. Anatembea kwa magongo mawili tangu akiwa na miaka saba. Dada anataka aende Mkwawa, Iringa, akasomee ualimu wa hesabu. Mwenyewe anataka uhandisi ujenzi, Mbeya. Wiki nzima wamebishana juu ya picha za kwenye simu. Vyuo vyote vinapendeza kwenye simu: jengo limepigwa kutoka mbele, jua usoni, maua yamemwagiliwa. Ngazi za nyuma hazina mpiga picha.

"Mjomba," akaniambia, "twende tukaone."

Akanunua kaunta buku akachora safu tano: ngazi, mahali pa kushika, choo, maji, umbali. Mimi nikatia begini futi ya mita tano na pima maji ndogo. Dada akatutazama akacheka, akasema tunaenda kukagua vyuo kama mabwana afya.

Jumatatu, barabarani

Mwishoni mwa Julai Makambako haina utani. Saa kumi na mbili asubuhi pale stendi kila mtu kajifunga kitenge juu ya koti, na muuza chai anauza joto kuliko chai. Basi likapita Nyororo, likaingia kwenye misonobari ya Sao Hill, na mimi nikaanza ugonjwa wangu wa kuhesabu miti kwa kenchi. Mbao nyingi nilizogonga misumari maishani zimetoka msitu huu. Kutoka Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80, na binti alizilala zote.

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, na ukitokea bondeni kwenye Ruaha Mdogo unaupanda. Gesti tuliyofikia ilikuwa na bomba la maji moto lenye rangi nyekundu, maji ya baridi. Nikapiga pasipoti, uso na kwapa, nikalala. Mwenzangu akaandika kwenye daftari: "Gesti, ngazi 4, hakuna pa kushika." Nikamwambia gesti si chuo. Akasema anajifunza kuhesabu.

Jumanne, Mkwawa

Getini mlinzi akatupokea kwa "Kamwene!" nasi tukajibu "Kamwene." Binti akaongeza shikamoo, basi mlinzi akalainika, akatoa kiti chake mwenyewe ampe akae wakati mimi najaza kitabu cha wageni.

Chuo hiki kwa jina refu ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na mama yake ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwaka 2005, lakini eneo lina historia ndefu zaidi. Wakati wa ukoloni Waingereza walijenga hapa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu, St. Michael's and St. George's. Baada ya Uhuru shule ile ikafungwa, ikaja sekondari iliyobeba jina la Mtwa Mkwawa, na wazee wengi wa nchi hii wamepitia hapo. Kwangu hii inachekesha kidogo: shule ya kulelea watoto wa watawala ikaishia kuitwa jina la mtu aliyewafyeka Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891.

Shule za bweni za enzi zile nazifahamu kwa mikono, nimekarabati kadhaa. Ardhi ilikuwa ya kumega tu, kwa hiyo mchoraji hakuwa na haja ya kupanda juu. Alitandaza. Madarasa yanafuatana kwa baraza ndefu yenye kivuli, unatoka mlango mmoja kwenda mwingine bila kuloweshwa na mvua. Mtu wa magongo anaipenda baraza kuliko lifti. Lifti inategemea umeme, na umeme una tabia zake. Binti akatembea kwenye baraza moja mwanzo hadi mwisho, akarudi, safu yake ya ngazi ikabaki tupu kwa mara ya kwanza.

Majengo mapya nayo yapo. Vyuo vya umma karibu vyote sasa vina mabango ya HEET, ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza mwaka 2021. Ukiona bango hilo ujue kuna maabara au ukumbi wa mihadhara umejengwa au unajengwa. Na majengo mapya yanapanda juu, kwa sababu wanafunzi ni wengi na pesa ya paa ni ileile hata ukiweka ghorofa nne. Hesabu yake naielewa. Ila kila ghorofa ni ngazi ishirini na kitu, na mtihani unapangiwa popote.

Tulikaa muda mrefu kwenye vimbweta. Msomaji ambaye hajafika chuo, kimbweta ni meza ya zege na mabenchi ya zege, vyote vimemwagwa mahali pamoja chini ya mti, na hapo ndipo wanafunzi wanaposoma hasa. Kumbi za mihadhara ni za kuhudhuria. Kile tulichokaa uso wake umelainishwa na viwiko mpaka unang'aa kama sakafu iliyopigwa niru, na pembeni mtu kachora draft kwa ncha ya msumari, miraba yote ikiwa sawa. Nikapima nafasi kati ya benchi na meza: sentimita 24. Zege halisogei. Mtu mzima wa miguu miwili anainua mguu mmoja, anaingia, anavuta wa pili. Mpwa wangu alijaribu mara mbili, kisha akakaa ncha ya benchi kiubavu, magongo yakalala kwenye nyasi, akaandika: "Kimbweta: kaa pembeni, uwahi." Hilo neno la mwisho nikalipenda. Fundi angekata tu kipande cha benchi upande mmoja, futi mbili na nusu, kazi ya saa moja kwa tindo.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi tukamkuta mama mmoja mpole. Hakutupa hotuba. Alituambia mambo mawili. La kwanza, ukishachaguliwa usingoje siku ya kuripoti, andika barua mapema useme hali yako, kwa kuwa vyumba vya chini vinaisha kama vyumba vingine. La pili, kwenye maombi ya Bodi ya Mikopo kuna sehemu ya ulemavu, na fomu yake lazima ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Watoto wengi wanaiacha kwa aibu au kwa uvivu wa foleni hospitalini, kisha wanalia Novemba.

Kutoka getini hadi hosteli, na hosteli mpaka madarasani, mpwa alipima kwa dakika, siyo mita. Nilipomuuliza kwa nini, akasema mita ni za mwenye miguu.

Jumatano, Iringa mjini

Siku nyepesi. Tukaenda Chuo Kikuu cha Iringa, cha KKKT, kanisa la Kilutheri, kilichoanza mwaka 1994 na kwa miaka mingi kikaitwa Tumaini. Hata leo ukimwambia bodaboda "Tumaini" anakupeleka bila kuuliza. Tukapita pia Ruaha, chuo cha Wakatoliki, ambacho mjini kinasifika kwa wanasheria. Vyote viwili havina uhandisi ujenzi, kwa hiyo tulikuwa watalii tu. Binti alihesabu ngazi hata hivyo. Mazoea.

Mchana wali maharage Miyomboni, kisha Gangilonga, lile jiwe linaloongea. Nilidhani atabaki chini nipande mimi nimpigie picha. Akapanda robo, akakaa kwenye jiwe dogo, akasema hapa panamtosha, mji unaonekana. Mimi nikaendelea nusu, magoti yakanikumbusha umri, nikarudi kukaa naye.

Siku mojawapo, chuo kisicho na jina

Hiki sikitaji, wala mji wake. Siku pia nimeiruka makusudi.

Kina jengo jipya zuri, vioo vya bluu, na mbele kuna mteremko wa watu wenye ulemavu wenye alama ya kiti cha magurudumu imepakwa rangi safi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inajulikana, kwa hiyo mkandarasi alijua lazima mteremko uwepo. Hakuna aliyemwambia uwe vipi. Mpwa akaupanda hatua tatu, gongo la kulia likateleza, akaangukia kiganja. Sakafu ilikuwa ya vigae. Vya kung'aa, vya sebuleni.

Nilipomwinua na kuona ni mchubuko tu, hasira ikanipanda, nikatoa futi. Kimo kutoka chini hadi mlangoni sentimita 90. Urefu wa mteremko mita nne. Kanuni tuliyofundishwa ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Kimo hicho kinadai mita kumi na sentimita themanini, pamoja na sehemu bapa katikati ya kupumzikia. Mteremko huu ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ukali unaoruhusiwa. Huko si kupanda, ni kuteleza kwa mpangilio. Na juu kabisa, baada ya hayo yote, kizingiti cha mlango kimo chake inchi sita.

Mlinzi akasema, "Mzee, wengi hupita huku pembeni," akatuonyesha ngazi.

Nilitaka kwenda kumtafuta msimamizi wa majengo. Mpwa akanishika mkono, akasema mjomba tuna basi. Kwenye daftari hakuandika ngazi wala choo. Alichora tu ule mteremko kwa ubavu, pembetatu, akaandika vipimo vyangu vyote na pembe yake. Nyuzi kumi na tatu hivi. Kichwa chake cha hesabu kilikuwa kimetulia kuliko changu.

Alhamisi, Iringa–Mbeya

Basi la kwenda Mbeya linapita Makambako, nyumbani, na sisi hatushuki. Dada alikuwa anatusubiri stendi na kapu. Basi likasimama dakika chache, akapitisha dirishani viazi vya kuchemsha na parachichi nne, akauliza, "Mkwawa vipi?" Binti akajibu "Pazuri, mama," ukweli mtupu. Dada akatabasamu kama ameshinda kesi. Nikatazama upande wa pili.

Igawa, Chimala, mashamba ya mpunga ya Usangu yamekauka, kisha Uyole na baridi yake. Mbeya tuliingia giza likianza.

Ijumaa, Iyunga

Hapa siwezi kujifanya mkaguzi. Nimesoma hapa.

Kilianza mwaka 1986 kikiitwa Chuo cha Ufundi Mbeya, sisi tulikiita Mbeya Tech, na ulitoka na FTC yako, cheti cha fundi sanifu, ukiwa unajua kuchanganya zege na kuchora msingi. Mwaka 2005 kikawa taasisi, mwaka 2012 kikawa chuo kikuu, MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kila kinapopanda cheo majengo yanaongezeka, na mimi kila nikija napotea njia kwenye eneo nililokuwa nakatiza nikiwa nimefumba macho. Maktaba mpya imenifanya nisimame. Enzi zetu kitabu cha nadharia ya miundo kilikuwa kinazunguka bwenini, unakipata saa nane usiku, na saa kumi alfajiri mwenye zamu yake anakugongea.

Alichokibadilisha mpwa wangu ni jinsi ninavyoona karakana.

Niliingia pale nikifuata harufu: mafuta ya kukatia chuma, vumbi la mbao, umeme wa kuchomelea. Nilikuwa tayari kumsimulia habari za lethi, mashine ya kukerezea chuma, iliyonikata kidole. Nikageuka, nikakuta ameshanipita. Yuko katikati ya karakana, anatembea haraka kuliko nilivyomwona wiki nzima. Sakafu ni zege la kusugua, bapa, halitelezi. Mlango ni wa upana wa lori. Kizingiti hakuna. Kati ya mashine na mashine kuna njia iliyochorwa, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kitu juu yake.

Nikaelewa polepole, mimi fundi wa miaka yote hii. Karakana imejengwa hivyo kwa ajili ya mashine. Lethi ya tani mbili haipandi ngazi. Inaingia kwa mkokoteni, kwa hiyo mchoraji aliitandikia njia bapa, pana, isiyo na kona kali, na hakuna mtu aliyebisha wala kusema bajeti haitoshi. Mtoto wa dada yangu alikuwa anafaidi heshima ya lethi.

Kuna mwalimu tulimkuta akipanga vifaa vya upimaji, kijana, hakunijua. Nikamuuliza swali lililokuwa linanikaa kooni tangu Makambako: upimaji wa ardhi unafanyika porini, kwenye mashimo na nyasi, huyu ataweza? Hakunijibu mimi. Akamgeukia binti, akamuuliza kama macho yake ni mazuri. Binti akasema ndiyo. "Basi utasoma mashine," akasema. "Kwenye kikundi kuna watu wa kukimbia na fimbo, na kuna mtu wa kusoma na kuandika namba. Huyo wa kuandika namba ndiye huwa tunamkosa." Akamruhusu achungulie kwenye darubini ya mashine. Binti akaielekeza upande wa milima. Alichukua muda mrefu hadi mwalimu akaanza kucheka.

Mengine ya siku hiyo nayaandika kwa kifupi. Hosteli: vyumba vya chini vipo, inabidi barua. Maji: nilihesabu matanki, nikaangalia gata na bomba za kushukia, kwa sababu kiangazi cha huku ni kirefu, mvua ikikata Mei hadi Novemba huioni; choo cha maji bila tanki lake ni chumba cha harufu. Miteremko ya ardhi: eneo lina mwinuko, na kuna njia mbili mpwa aliziwekea alama ya mshangao. Mihadhara mingine iko juu. Hilo halikufichika.

Jioni tukasikia honi ya treni ya TAZARA upande wa stesheni. Nikamsimulia jinsi usiku wa Juni tulivyokuwa tukiisikia tukiwa wanne chumbani, dabodeka mbili, tumevaa soksi mikononi. Akaniuliza tulikuwa tunaoga saa ngapi. Nikabadilisha mazungumzo.

Jumamosi, kutafuta geto

Iwapo hosteli itakosekana lazima apange mtaani, basi tukaenda kuona. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya chakula na malazi, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu lilipopandishwa mwaka 2022, na linakuja kwa vipindi, ila wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita mkononi. Tuliona vyumba vinne. Kimoja mwenye nyumba, mama wa Kinyakyusa, alitukaribisha chai kabla hata ya kututajia bei. Chumba safi, kina tailizi, soketi tatu. Choo kiko nyuma ya nyumba, chini ya ukingo, ngazi saba za mawe na hakuna taa. Binti akashuka hadi chini, akapanda, akamshukuru kwa "Ndaga fijo" aliyojifunza asubuhi kwa bodaboda. Mama akafurahi, akasema angeweka kamba ya kushikia. Alimaanisha. Tulipotoka binti akaandika: "Hosteli. Barua kesho."

Mchana tukapita TEKU, chuo cha Wamoravian chenye jina la Askofu Teofilo Kisanji, kwa sababu tu kilikuwa njiani na mimi napenda kuona majengo. Mpwa alikaa kwenye bajaji, viganja vinamuuma.

Jumapili, Makambako

Tulifika saa tisa. Dada alikuwa nyumbani kwangu anapika makande, watoto wamejaa uani. Nilishuka na mabegi, nikamsikia mpwa nyuma yangu anahesabu kwa sauti ya chini.

"Moja. Mbili. Tatu."

Ngazi za mlango wangu. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali moja moja, na mpwa wangu amepanda ngazi hizi kila sikukuu tangu akiwa na miaka saba. Alikuwa amesimama barazani, kaunta buku mkononi, hasemi kitu. Hakuwa ananilaumu, nadhani. Alikuwa anajaza safu.

Wakati wao wanakula na kubishana kuhusu Mbeya (alishamwambia mama yake, na kelele zilifika hadi kwa jirani), mimi nikatoka na futi. Kimo sentimita 48. Mara kumi na mbili, mita tano na sentimita sabini na sita. Kutoka mlangoni hadi shina la mparachichi ni mita nne na robo. Mteremko haupiti moja kwa moja. Lazima upinde kushoto, uwe na sehemu bapa penye kona, kisha umalizie kwenye ukuta wa jiko.

Nikagonga vigingi vinne, nikafunga kamba. Dada akatoka na sufuria la kumwaga maji, akaikwaa kamba, akauliza hii ni ya nini. Nikamwambia avuke tu, asiing'oe, kesho naleta kokoto.